Mkanda wa Kisumu: Kutoka Kinu cha Posho Hadi Probox

Hapa Kisumu mkanda ulitangulia gari. Vijana wanaokuja dukani kwangu Kondele kuulizia mkanda wa feni hudhani kitu hiki kilishuka pamoja na Toyota za Japani. Nikiwaambia kwamba babu zao walikuwa wakikagua mikanda kabla hawajawahi kupanda gari lolote, hucheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Babu yangu mzaa mama aliendesha kinu cha posho huko Ahero, baba yangu alikuwa makanika wa Peugeot, nami nauza spea. Ugali wetu sote watatu umetoka kwenye mkanda, ingawa si mkanda wa aina moja, na kila mmoja ilimbidi ajifunze upya namna ya kujua kwamba mkanda umechoka. Ujuzi wa babu haukumtosha baba, na wa baba haunitoshi mimi.

Tuanze na reli. Ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ziwani hapa Kisumu, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence. Ziwa lilitaka meli, na meli nzima haiwezi kupanda milima ya Mau. Kwa hiyo zilikuja vipande vipande kutoka Uingereza, zikaungwa hapa ufuoni: Winifred mwaka 1902, Clement Hill mwaka 1907, kisha meli pacha Usoga na Rusinga mwaka 1913 na 1914. Kazi hiyo ilihitaji gati kavu, mafundi, na karakana ya kuchonga chuma.

Karakana za zama hizo hazikuwa na mota kwa kila mashine. Injini moja ya mvuke ilizungusha mhimili mrefu uliotundikwa chini ya paa, na kutoka kwenye mhimili huo mikanda mipana ya ngozi iliteremka hadi kwenye mashine za chini. Fundi aliyetaka kusimamisha mashine yake hakuizima injini. Aliusukuma mkanda kwa mti, ukahama kutoka puli inayovuta hadi puli ya pili inayozunguka bure. Mafundi wengi wa mwanzo walikuwa Wahindi, wakiwemo Masingasinga, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa imewaleta Wahindi zaidi ya 30,000 kujenga reli na baadhi yao wakabaki. Vijana wa hapa waliingia kwa mlango wa nyuma, wakibeba vyuma, wakifagia na kupaka grisi, na huku macho yao yakisoma kazi.

Kutoka karakana mkanda ukaenda mashambani. Viwanda vya kuchambua pamba vilijengwa Kendu Bay na Homa Bay. Mwaka 1922 kikaanza kiwanda cha sukari cha Miwani, cha kwanza nchini Kenya, na kandokando ya mashamba ya miwa wakaja wapishi wa sukari nguru, ambao mashine zao za kukamua ziliendeshwa na injini kwa mkanda. Hata hivyo, mkanda uliomfikia kila mtu, hata mama asiyekuwa na shamba la pamba wala la miwa, ni ule wa kinu cha posho.

Mwaka 1929 kampuni ya Lister ya mji wa Dursley, Uingereza, ilianza kuuza injini ya dizeli ya silinda moja, nzito, yenye magurudumu mawili makubwa ya chuma ubavuni. Ilizunguka polepole, mara 600 tu kwa dakika, na baadaye 650. Injini hiyo, pamoja na nakala zake zilizotengenezwa India, ilisaga mahindi na mtama wa Nyanza kwa miongo mingi. Bomba lake la moshi lilitokezwa nje ya ukuta na kuwekewa kifuniko kilichogongagonga kwa kila pumzi ya injini, na mlio huo ulipoanza asubuhi, watu wa vijiji vya mbali walijua kwamba kinu kimefunguliwa. Wanawake walijitwika debe wakaenda, na jiwe la kusagia likaanza kubaki nyuma ya nyumba.

Injini ilikaa upande mmoja wa chumba na kinu upande mwingine, na kati yao ulipita mkanda bapa wa turubai na mpira, mrefu kuliko chumba cha kulala cha mtu wa kawaida. Ncha zake mbili ziliungwa kwa meno ya chuma yaliyong'ata kila upande, na kijiti kikapitishwa katikati. Babu hakuwa na kipimo chochote. Kabla ya kushika hendeli alipitisha kiganja juu ya mkanda wote, akianzia kwenye kiungo na kuishia kwenye kiungo. Karibu na meno alitafuta nyufa, kwa sababu hapo ndipo mkanda bapa huanza kufa. Pembeni alitafuta nyuzi zilizochomoza. Nyuzi zikichomoza upande mmoja tu, kosa si la mkanda, ni la puli zisizotazamana sawasawa, na kubadilisha mkanda bila kunyoosha puli ni kutupa pesa ziwani. Upande wa ndani ukiwa unang'aa na unateleza mkononi, aliupaka nta ili ushike tena.

Injini ikishaanza, kazi ikahamia masikioni. Kila kiungo kilipopita juu ya puli kiligonga mara moja, kwa mwendo usiobadilika. Mlio ukigawanyika ukawa miwili, babu alijua kwamba jino limeachia, akafunga mafuta mara moja hata kama foleni ya akina mama ilikuwa imefika barabarani. Watoto tulikatazwa kabisa upande wa mkanda, na mama aliyekuja na leso inayopepea aliambiwa aikaze kwanza. Mkanda ule ulikuwa na ubaya wake, lakini pia ulikuwa na busara: kinu kikisongwa na mahindi mengi, mkanda wenyewe huteleza au huchopoka kwenye puli, na injini ikabaki salama. Hasara yake ilikuwa muda, na pengine harufu ya mpira uliochomwa iliyodumu chumbani hadi jioni.

Gari lilipoenea, lilikuta watu wanaojua puli ni nini. Kilichokuwa kigeni ni umbo la mkanda wenyewe. Mwaka 1917 John Gates wa Denver, Marekani, alikuwa ameanza kuuza mkanda wa mpira na kitambaa wenye umbo la V, na umbo hilo ndilo lililoshika injini za magari kwa zaidi ya nusu karne. Baba yangu alijifunza kazi kwenye gereji ya kando ya soko la Kibuye, wakati magari mawili yalipokuwa yakitawala barabara zetu kutokana na sifa za Safari Rally. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ikaipokea mwaka 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968.

Volkswagen haikuwa na maji. Mkanda wake mmoja ulizungusha jenereta, na kwenye mhimili huohuo wa jenereta ndipo feni ya kupoza injini ilipofungwa. Mkanda ukikatika, taa nyekundu iliwaka, na dereva aliyeipuuza aliikaanga injini yake. Kuukaza hakukuhitaji kuisogeza jenereta. Puli ilikuwa ya vipande viwili, na kati ya vipande kulikuwa na washa nyembamba za bati. Fundi alitoa washa moja, vipande vikasogeleana, mkanda ukapanda juu na kukaza. Washa iliyotolewa hakuitupa, aliifunga nje ya puli chini ya nati, ili atakayefuata asiikose. Baba alisema unaweza kujua fundi wa mwisho alikuwa mtu wa namna gani kwa kuhesabu washa zilizobaki.

Kwenye Peugeot alikuwa na kanuni aliyoirudia kwa kila mwanafunzi: mkanda wa V hauvuti kwa tumbo, huvuta kwa mbavu. Maana yake ni kwamba pande mbili za mshazari ndizo zinazoshika kuta za puli, na tumbo lake halitakiwi kugusa chini. Kwa hiyo, baada ya kuzima injini na kutoa ufunguo, kitu cha kwanza alichotazama ni kimo. Mkanda mzima hukaa sawa na ukingo wa puli, au juu yake kidogo. Ukiuona umezama ndani, na chini ya mfereji wa puli panang'aa, basi mbavu zimelika na tumbo ndilo linalosugua. Mkanda wa hivyo ukiukaza unazidi kuua beringi za pampu ya maji na bado utateleza. Baada ya hapo alibonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: nusu inchi hivi ndio ulegevu unaofaa. Mwisho aliupindua ili aone tumbo, atafute nyufa za kukingama, nyuzi, na oili. Mpira ulioloa oili huvimba na kulainika, na baba hakukubali kuuosha na kuurudisha. Alitafuta kwanza oili inatoka wapi.

Ukali wake ulikuwa na sababu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na kutoka hapo Peugeot za abiria saba zikawa ndizo njia ya haraka ya kwenda Nairobi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Kericho imepita mita 2,000. Gari lililojaa watu na magunia likitoka kwenye joto la uwanda wa Kano na kuanza kupanda, pampu ya maji haina mzaha. Mkanda uliolegea kidogo, ambao mjini hausikiki, huko mlimani huteleza, maji yakachemka, na abiria wakashuka kungoja kando ya mashamba ya chai. Madereva wenye akili walifunga mkanda wa akiba chini ya boneti. Wasiokuwa nao waliomba soksi ndefu ya nailoni kwa abiria wa kike, wakaipindapinda na kuifunga kwenye puli. Baba hakuikataa hila hiyo, ila aliipa mipaka: soksi itakurudisha Ahero, haitakufikisha Kericho.

Miaka ya 1980 mbuta wakajaa ziwani. Samaki hao waliletwa na wakoloni katika miaka ya 1950, na walipoongezeka viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu, na pikapu zenye barafu zikaanza kukimbizana kutoka Usenge na fuo nyingine za Bondo. Hapo mkanda ukawa suala la saa. Ukikatika usiku, altaneta haichaji, taa zinafifia, injini inachemka, na barafu haimngoji fundi. Wachuuzi wa samaki ndio wateja wa kwanza ninaowakumbuka kununua mkanda kabla wa zamani haujakatika.

Ziwa lenyewe lilitupa njia ya ukaguzi. Kwa miaka mingi magari yameoshwa ufuoni, Kichinjio na Lwang'ni, na maji yakarushwa hadi ndani ya boneti. Kila aliyesimama pale amesikia magari yakipiga kelele yakiwashwa baada ya kuogeshwa. Mafundi wakaligeuza jambo hilo kuwa kipimo, na mimi nakitumia hadi leo. Injini ikiwa inaunguruma polepole na mkanda unalia, simama mbali na vinavyozunguka, nyunyizia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, usikilize. Kelele ikinyamaza kisha ikarudi, puli hazikunyooka. Kelele ikizidi, mkanda unateleza, ama umelegea ama umelika. Babu angeielewa sehemu ya kwanza bila kufundishwa, maana ni kosa lilelile lililokuwa likichomoza nyuzi za mkanda wake upande mmoja.

Miaka ya 1990 milango ya uagizaji ikafunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kufurika, hadi serikali ikaweka sheria kwamba gari lisizidi miaka 8. Mkanda wa V ukaanza kutoweka. Mahali pake ukaja mkanda mpana, mwembamba, wenye mbavu nyingi ndogo zinazokimbia kwa urefu. Huko Marekani, Ford walikuwa wameshaanza kuutumia kwenye Mustang ya mwaka 1979, kwa sababu unapindika pande zote na mmoja tu unaweza kuzungusha altaneta, pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi. Mgongoni umeandikwa jina lake. 6PK ina maana ya mbavu sita, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Ndiyo maana huwa nasema tusilinganishe kwa macho, tusome mgongo. Lakini maandishi yakiwa yamefutika, fundi huja na maiti ya mkanda mkononi na tunailaza kwenye kaunta.

Hapa niseme neno kwa wanaochanganya mikanda. Hiace nyingi za dizeli zilizobeba watu wetu zina mkanda mwingine uliofichwa, wa taimingi, wenye meno. Huo haukaguliwi kwa kufungua boneti, hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita. Toyota waliuwekea taa yake kwenye dashibodi, yenye maandishi T-BELT, inayowaka kilomita 100,000 zikitimia. Probox, gari lililotoka mwaka 2002 na sasa linabeba abiria na omena kwenye kila barabara kutoka Bondo hadi Homa Bay, ina injini ya mnyororo ndani, kwa hiyo mkanda wake ni huu wa nje tu. Wenye Probox husahau kwamba nao wana mkanda.

Lakini mabadiliko makubwa hayakuwa ya umbo, yalikuwa ya mpira. Mikanda ya zamani yenye mbavu ilitengenezwa kwa neoprini, na neoprini ikizeeka hupasuka. Kanuni ilikuwa rahisi: ukihesabu nyufa tatu au zaidi kwenye ubavu mmoja ndani ya inchi tatu, mkanda umekwisha. Kanuni hiyo ilifaa watu waliofundishwa na baba yangu, maana wao walikuwa wakitafuta nyufa tangu utoto. Baadaye watengenezaji wakahamia mpira uitwao EPDM, unaostahimili joto na usiopasuka kirahisi. Huu hauzeeki kwa kupasuka, hulika polepole kama tairi. Vumbi la barabara za murramu na mchanga wa ufuoni huusugua, mbavu zinapungua, mifereji kati yake inapanuka, na kwa macho bado ni mweusi, laini, mzuri.

Siku moja kijana mmoja, fundi hodari, aliniletea mkanda wa Probox. Hakuja kununua. Alikuja kuniuliza betri ya mteja wake inakufa kwa nini.

"Mama Spea, altaneta nimebadilisha. Mkanda huu ni mzima, tazama, hauna ufa hata mmoja."

"Wuoda, mwanangu, nani amekuambia natafuta ufa?"

Niliugeuza ndani nje nikaukunja mbele yake. Nikachukua mpya wa namba ileile nikauweka kando. Kwenye mpya, mfereji kati ya mbavu ulikuwa na umbo la V, umechongoka chini. Kwenye wake ulikuwa umekuwa U, mpana na wa duara. Kisha nikatoa kipimo changu, kijiti cha plastiki cha kampuni ya mikanda. Ukikilaza kwenye mfereji wa mkanda mpya, mgongo wake hutokeza juu ya mbavu na kidole hukigusa. Kwenye mkanda wake kilizama, na kidole chake kilipita juu ya mbavu bila kukikuta. Hakusema kitu, alikirudia kwenye mifereji yote mmoja mmoja. Watengenezaji wanasema kwamba mkanda ukipoteza asilimia 5 tu ya mpira wake unaweza kuanza kuteleza, na asilimia 5 hakuna jicho linaloiona, hata la baba yangu.

Baada ya siku hiyo nimekuwa nikiitazama mikanda ninayoachiwa kaunta kwa jicho jingine. Mingi haina nyufa. Mifereji yake imekuwa U. Ina maana kwamba ilikuwa imekwisha zamani, na wenye magari walinunua betri na altaneta kabla ya kununua kitu chenye bei ndogo kuliko vyote viwili. Wala siwalaumu mafundi. Walifundishwa kutafuta nyufa kwenye mpira uliokuwa ukipasuka, na waliowafundisha hawakukosea. Mpira ndio umebadilika, na mafunzo yakabaki pale yalipokuwa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye gari, hasa ukiwa umelinunua likiwa limekwishatembea Japani, nina ombi moja. Watengenezaji wanashauri mkanda wenye mbavu uanze kupimwa kilomita 100,000 zikikaribia. Kwa vumbi letu, anza mapema. Siku unayopeleka gari kubadilisha oili, mwombe fundi azime injini, apime kina cha mifereji, atazame kama puli zimenyooka, na asikilize beringi zikizungushwa kwa mkono. Kama hana kipimo, mwambie alaze mkanda wako kando ya mpya wenye namba hiyohiyo. Na akikujibu kwamba mkanda ni mzima kwa kuwa hauna ufa, usikubali. Mwambie aupime.